"Alijizuia kupiga kura", si "alijizuia kutopiga kura"

Unapoandika muhtasari wa kikao au habari ya bunge, kila ukitumia kujizuia, kujiepusha au kukataa, hakikisha kitenzi kinachofuata hakina kiambishi "to": andika "mjumbe alijizuia kupiga kura", kwa sababu ukanushi umo tayari ndani ya "kujizuia", na ukiandika "alijizuia kutopiga kura" umesema kwamba alipiga. Kanuni hii haifai kwa kuamua, kuchagua na kuahidi, ambavyo havibebi ukanushi wowote; "waliamua kutopiga kura" ni sahihi, na "to" ikiondolewa maana inageuka. Wala haimsaidii mwandishi asiyejua mhusika alikuwa wapi: Machi 2, 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopigia kura azimio kuhusu uvamizi wa Urusi nchini Ukraine, nchi 35, zikiwemo Tanzania, Uganda na Burundi, zilijizuia, ilhali Ethiopia na Moroko hazikushiriki kabisa. "Hazikupiga kura" ingezichanganya zote, na tofauti hiyo si ndogo, maana anayejizuia huandikwa kwenye kumbukumbu kwa msimamo wake. "Kususia" waachie wanaoigomea kura yenyewe.