Kani ya umeme kwenye chaji tatu: kokotoa bila kukosea upande

Juzi nilimsaidia mwanafunzi wa kidato cha tano swali la chaji tatu. Kanuni ya Coulomb alikuwa nayo kichwani, vizio alibadilisha vizuri, lakini alipata 2.4 N mahali pa 1.2 N. Kilichomponza ni alama ya kutoa, nayo huwaponza wengi.

Swali lenyewe: chaji A (+4 µC, yaani mikrokulombi), B (−2 µC) na C (+3 µC) ziko hewani kwenye mstari mmoja, A kushoto, C kulia. Kutoka A hadi B ni sm 20, kutoka B hadi C ni sm 30. Tafuta kani inayoipata B.

Hatua ya 1. Chora mstari, weka chaji zote na umbali wake. Tumia penseli.

Hatua ya 2. Geuza sentimita kuwa mita: 0.2 na 0.3. Chaji ziache kwenye mikrokulombi. Kanuni ya Coulomb ni F = kq₁q₂/r²: F ni kani kwa newtoni (N), q₁ na q₂ ni chaji mbili, r ni umbali kati yake, na k ni namba isiyobadilika, hewani takriban 9 × 10⁹. Mikro ni 10⁻⁶, hivyo chaji mbili za mikro zinaleta 10⁻¹², kwa hiyo badala ya k andika 0.009 tu. Napendelea njia hii kuliko kubonyeza vipeo kwenye kikokotoo, kwa sababu kipeo kimoja kikiruka hutakiona.

Hatua ya 3. Tafuta ukubwa wa kila kani, bila alama yoyote.

A kwa B: 0.009 × 4 × 2 ÷ 0.04 = 1.8 N.
C kwa B: 0.009 × 3 × 2 ÷ 0.09 = 0.6 N.

Usisahau kuzidisha umbali kwa wenyewe. Ukiongeza umbali mara mbili, kani inabaki robo. Ndicho alichokipima Coulomb huko Ufaransa mwaka 1785 kwa mizani yake ya msokoto.

Hatua ya 4. Upande. Hapa nenda polepole.

Ukiingiza −2 kwenye kanuni, utapata −1.8 na −0.6. Ukijumlisha ni −2.4, nawe utaandika "kushoto" kwa kuwa ni hasi. Hesabu imefuata sheria zote, jibu ni baya. Alama ile hasi inasema kitu kimoja tu: chaji hizi mbili zinavutana. Haijui kushoto wala kulia, maana hakuna mahali ulipoiambia A iko upande gani. Ndiyo maana nawakataza wanafunzi wangu kuingiza alama kwenye kanuni hii, hata kama kitabu chao kinafanya hivyo.

Fanya hivi: weka kidole juu ya chaji uliyoulizwa, hapa ni B. Chukua jirani mmoja kwa wakati, mwingine mfiche kwa kiganja. A ni chanya, B ni hasi: zinavutana, B inakwenda kwa A, chora mshale wa kushoto. Sasa mfiche A. C nayo inaivuta B: mshale wa kulia. Mshale huanzia kwenye chaji iliyoulizwa, kamwe si kwa jirani. Ukiuchora kwa jirani umejibu swali la kani inayompata jirani, ambayo ukubwa ni uleule ila upande ni kinyume.

Tena, ukiulizwa kani inayoipata C, usiiache A eti kwa sababu B imekaa katikati. B haizuii chochote. A inaisukuma C moja kwa moja, kwa umbali wa mita 0.5: 0.009 × 4 × 3 ÷ 0.25 = 0.432 N kuelekea kulia.

Hatua ya 5. Kulia iwe chanya: 0.6 − 1.8 = −1.2. Jibu: 1.2 N kuelekea kushoto.

Hatua ya 6. Hakiki. Kokotoa pia A na C. A inavutwa kulia na B kwa 1.8 N ileile (chaji kubwa haivuti kwa nguvu kuliko ndogo, zinavutana sawasawa) na inasukumwa kushoto na C kwa 0.432 N: jumla +1.368. C inapata 0.432 − 0.6 = −0.168. Jumlisha zote tatu: 1.368 − 1.2 − 0.168 = 0. Lazima iwe sifuri, kwa sababu kila jozi ina kani mbili zilizo sawa na zenye kupingana. Isipokuwa sifuri, rudi hatua ya 4 ukague mishale kabla ya kugusa kikokotoo.