Jinsi ya kuona lignini na vimeng'enya vinavyoijenga kwenye tawi changa la mkaratusi

Lignini ni dutu inayoimarisha kuta za seli za mti, na safari yake huanzia ndani ya seli. Kimeng'enya kiitwacho PAL huiondolea fenilalanini, ambayo ni asidi ya amino, amonia, vingine hufuata kwa zamu, na mwishoni kimeng'enya CAD hugeuza aldehaidi kuwa alkoholi. Alkoholi hizo hutoka hadi kwenye ukuta wa seli, na huko vimeng'enya lakasi na peroksidasi huzioksidisha zikaungana kuwa lignini. Lakasi hutumia oksijeni ya kawaida, peroksidasi hutaka haidrojeni peroksaidi. Jaribio lote limesimama juu ya tofauti hiyo.

1. Kata. Chagua tawi lenye unene wa milimita 3 hadi 5, lililochumwa siku hiyohiyo. Lilowanishe, kisha ukate vipande vya mviringo kwa wembe mpya, vyembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Kipande kinene huonekana cheusi kwenye hadubini, na hutajua rangi imekaa kwenye ukuta upi. Usivihifadhi kwenye alkoholi, maana vimeng'enya vitaharibika.

2. Osha. Viloweke kwenye bafa (myeyusho unaoshikilia pH) ya fosfeti ya milimola 50 kwa lita, pH 6, dakika 15, ukibadilisha bafa mara mbili au tatu. Usiruke hatua hii: mkaratusi una fenoli nyingi zinazogeuka kahawia zenyewe, na peroksaidi ya mmea iliyobaki itakupa jibu la uongo.

3. Tafuta lignini. Yeyusha floroglusinoli gramu 0.3 katika mililita 10 za ethanoli ya 95%. Changanya sehemu 2 za myeyusho huo na sehemu 1 ya asidi ya haidrokloriki kali (37%). Vaa glavu na miwani, fanya kazi penye kivuta hewa. Dondoshea kipande tone moja, subiri dakika chache, funika kwa kioo. Kuta zenye lignini huwa nyekundu ya zambarau. Piga picha mapema, rangi hufifia, na usiache slaidi chini ya lenzi kwani mvuke wa asidi hula chuma cha hadubini.

Wekundu huo unatokana na aldehaidi zilizomo kwenye lignini iliyokwisha kujengwa. Hauthibitishi kwamba kimeng'enya chochote bado kinafanya kazi hapo.

4. Tafuta vimeng'enya. Chukua vipande vingine vitatu vya tawi lilelile. Kimoja kichemshe kwenye maji dakika 10. Vyote vidondoshee siringaldazini (kemikali inayoshika rangi ikioksidishwa) ya 0.1% katika ethanoli, uache ethanoli ikauke kidogo. Kisha:

- kipande A: bafa pekee
- kipande B: bafa yenye peroksaidi ya 0.03% (mililita 0.1 ya peroksaidi ya 3% katika 9.9 za bafa)
- kipande kilichochemshwa: kama B

Waridi au zambarau kwenye A huashiria lakasi, ikiwa uliosha vizuri. Rangi inayojitokeza B peke yake ni ya peroksidasi. Kilichochemshwa kikishika rangi, usiamini matokeo yoyote ya siku hiyo. Chemsha zaidi kwanza, kwa kuwa baadhi ya peroksidasi ni sugu kwa joto. Usiongeze peroksaidi ukidhani utapata rangi kali, ikizidi huua kimeng'enya chenyewe.

Angalia hasa zailemu (tishu inayopitisha maji) changa, upande wa ndani wa kambiamu (tabaka linalozalisha seli mpya), ambako kuta zinaimarishwa. Lignini hutangulia kwenye pembe za seli na katika tabaka linalozigandisha pamoja, ndipo iingie kwenye ukuta wa pili, ule wa ndani zaidi. Gome nalo linaweza kushika rangi, kwa sababu peroksidasi ina kazi nyingine huko.

A ikibaki nyeupe, usikimbilie kusema lakasi haihusiki. Mwaka 1973 watafiti Harkin na Obst walitumia siringaldazini kwenye miti, wakahitimisha kwamba peroksidasi ndiyo pekee inayohusika. Baadaye mimea ya Arabidopsis (mmea mdogo wa maabara) iliyokosa jeni za lakasi LAC4, LAC11 na LAC17 ilidumaa, na shina lake likakosa karibu lignini yote ingawa jeni za peroksidasi zilikuwepo.