Namna ya Kumpata na Kumtoa Paka Aliyejificha Ndani ya Nyumba

Paka aliyehamishiwa nyumba mpya, au aliyeshtushwa na fataki au wageni wengi, hujibana gizani na kunyamaza kabisa, hata akimsikia mwenye nyumba akimwita hatua mbili tu kutoka alipo. Katika kazi yangu ya kuwatunza paka nimeona watu wakikimbilia kumtafuta mitaani ilhali yumo ndani, kwa hiyo ukimya wake usikuhakikishie kwamba ametoka.

Hatua ya 1. Funga milango ya nje na madirisha, kisha kagua chumba kimoja kimoja, ukifunga kila unachokimaliza, kwa sababu paka huhama nyuma ya mgongo wako. Usiwashe mashine ya kufulia wala kusukuma kochi kabla ya kuchungulia ndani na chini yake.

Hatua ya 2. Zima taa, lala kifudifudi, uishike tochi karibu na jicho lako na kumulika polepole. Nyuma ya jicho la paka kuna utando unaorudisha mwanga, hivyo macho yake yatang'aa hata kama manyoya ni meusi. Angalia uvunguni mwa kitanda, nyuma ya friji penye joto la mota, nyuma ya droo, juu ya kabati, darini palipo na ubao uliolegea, na hasa ndani ya kochi ambalo kitambaa chake cha chini kimechanika. Usipomwona, nyunyiza unga kidogo vizingitini usiku; nyayo zitakuonyesha chumba anachopita.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi huharibu. Ukishamwona, usimvute mguu wala mkia, na usimchokoe kwa fagio, kwani hofu itamsukuma ndani zaidi na kesho hatakuamini. Kama mahali alipo si pa hatari, rudi nyuma. Zima televisheni, watoto wakae chumba kingine, kisha weka maji, sanduku lake la mchanga na dagaa waliochemshwa bila chumvi wala kitunguu, ambacho ni sumu kwa paka. Chakula kiwe vuguvugu ili harufu isambae, nacho kikae hatua chache kutoka kwenye maficho. Kaa chini ukimpa ubavu, sema naye kwa sauti ya chini, usimkazie macho. Akikutazama, fumba na kufumbua yako taratibu. Mara nyingi hutoka magharibi au alfajiri nyumba ikitulia, naye aachwe ale bila kushikwa.

Ikiwa ni lazima umtoe mara moja, mfunike kwa taulo nene na umwinue mwili mzima. Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali bila kuchelewa kwa sababu ya kichaa cha mbwa.

Hatua ya 4. Paka asiyekula kwa saa 24 aonwe na daktari wa mifugo, hasa akiwa mnene, maana njaa humletea mafuta kwenye ini. Dume anayejikamua bila kutoa mkojo apelekwe saa hiyo hiyo. Jike mwenye mimba, ambayo huchukua takriban wiki 9, huenda anatafuta pa kuzalia. Msogezee maji na chakula, umwache alipo.