SOMO: Namna ya kuvuka wiki za kwanza chuoni Tabora kabla boom (hela ya kujikimu ya mkopo wa Bodi ya Mikopo) halijaingia

Habari zenu wakuu. Msimu huu wadogo zetu wanamiminika Tabora: wa Chuo cha Ardhi, wa Utumishi wa Umma, wa Nyuki, wa Reli, wa AMUCTA. Wengi wanakuja na godoro, begi moja na hela ambayo mzazi ameuza mahindi au mbuzi ili ipatikane.

Mimi naingia mwaka wa tatu. Mwaka wa kwanza nilishuka stesheni usiku, kwa treni ya kutoka Kigoma, nikiwa na 210,000 mfukoni. Niliamini boom litaingia wiki ileile. Liliingia wiki ya tano. Testi ya kwanza niliifanya nikiwa na chai kavu tumboni tangu jana yake, nikapata 9 kati ya 20, na lile somo nalipenda kuliko yote. Sitaki mdogo wangu yeyote apite pale, ndiyo maana naandika kirefu.

HATUA YA KWANZA: MAJINA, KABLA HUJATOKA NYUMBANI

Boom langu lilikwama kwa herufi moja. Cheti cha kidato cha nne kina "h", akaunti ya benki haina. Basi.

Chukua cheti cha kidato cha nne, namba ya NIDA, barua ya udahili na karatasi ya benki. Viweke mezani pamoja, mwite mtu mwenye macho mazuri, msome herufi kwa herufi. Tofauti ukiigundua ukiwa nyumbani, unakwenda benki ya wilayani kwenu na kuirekebisha. Ukiigundua Tabora, unajikuta kwenye foleni ya watu mia mbele ya afisa mikopo, vipindi vinaendelea na wewe haupo.

Ukifika chuoni, kamilisha usajili kwanza, mengine yafuate. Asiyesajiliwa hasaini boom, na asiyesaini hapati.

HATUA YA PILI: CHUMBA

Kitafute mchana. Tazama dari: ukiona madoa ya kahawia, jua hapo panavuja, na mvua za Tabora huanza Novemba, yaani utakuwa umeshahamia na kodi umeshalipa. Uliza kama LUKU ni ya chumba au ya nyumba nzima, na kama bomba lina maji kila siku. Dalali mpe chake cha udalali tu. Kodi mkabidhi mwenye nyumba mwenyewe, muandikishane, kila mmoja abaki na nakala.

Kaa na mwenzako mmoja. Wawili mnagawana kodi, mkaa na sufuria, na siku ukiwa na homa yupo wa kukuchemshia uji. Watatu ni wengi kwa chumba kimoja, nimeona urafiki ukivunjika.

Kama chandarua huna, kinunue siku hiyohiyo. Tabora ni kati ya mikoa yenye malaria nyingi nchini, na malaria ya wiki ya testi inakula muhula mzima.

HATUA YA TATU: HELA YA KWANZA IGEUKE CHAKULA

Hapa ndipo penyewe. Hela ikiwa mfukoni inaisha. Ikiwa kwenye debe inakaa. Mimi ile 210,000, baada ya kodi, niliinunulia sabufa na viatu. Wiki ya pili nilikuwa napiga pasi ndefu, mlo mmoja kwa siku, na wiki ya nne hata huo mmoja ulikuwa wa kubahatisha.

Mwaka wa pili mimi na mwenzangu tulifanya hivi. Siku ya tatu baada ya kufika tulikwenda soko kuu asubuhi, tukanunua debe moja la mahindi. Debe ni sado tano, kama kilo 18 hadi 20. Tukalipeleka mashineni tukasaga dona. Usikoboe: sembe ni nyeupe na tamu, lakini sehemu ya chakula chako inabaki mashineni kama pumba. Tulikuwa tunapima gramu 400 hivi kwa kila mtu kwa siku, na unga ule ulitufikisha wiki tatu na zaidi kidogo. Tukaongeza sado mbili za maharage, sado ya karanga, mafuta na chumvi. Mimi nilikuwa nimebeba dagaa na chupa ya mawese kutoka nyumbani Kigoma. Mwenzangu ni wa Sikonge, mama yake alimfungia matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa. Matobolwa na karanga asubuhi, na chai, unakaa darasani mpaka saa saba bila kuyumba. Kwa hiyo mdogo wangu, usione haya kubeba chakula cha kwenu. Tabora watu wanajua thamani yake.

Maharage yaloweke usiku. Osha, mwagia maji mpaka yafunikwe vidole vinne, funika. Asubuhi utakuta yamevimba karibu mara mbili, ganda limevutika na mikunjo imeisha. Yale maji yamwage, weka mapya, chemsha kwa nguvu kisha acha yaive taratibu. Sisi tulipoanza kuloweka, mkaa tuliokuwa tunapikia siku moja ukawa unatosha karibu siku mbili. Pika ya siku mbili, yaunge kidogokidogo, siku nyingine tia karanga za kusaga.

Na hili nalisema nikiwaomba: jiko la mkaa lisiingie chumbani. Hata kama mvua inanyesha, hata kama mkaa unaonekana umekwisha. Ile hewa ya sumu haina harufu wala rangi, unalala, huamki. Pikia kibarazani, na majivu yapoe huko huko nje.

HATUA YA NNE: BOOM LIKIINGIA

Mimi hela ya kujikimu nilipangiwa 10,000 kwa siku. Likija la siku 60 ni 600,000, na ukiiona kwenye simu unajisikia tajiri. Siku hiyohiyo toa hela ya kodi, nunua debe jingine, lipa madeni. Kinachobaki kigawe kwa siku 60, ndiyo hela yako halisi ya kila siku. Ya mwaka jana ilinitoka 4,000 na senti zake, nikaishi vizuri, madesa (noti za masomo) nikatoa kopi, na nyumbani nikatuma kidogo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mimi nimepata hosteli na kupika hawaruhusu. Debe nitalipeleka wapi?

Jibu: Achana na debe. Tafuta mama ntilie mmoja karibu na chuo, zungumza naye kwa heshima, mwekee hela ya wiki mbili mapema aandike kwenye daftari. Wengi wanakubali, na anayekujua hakunyimi sahani boom likichelewa. Chumbani weka matobolwa na karanga, havihitaji moto.

Swali: Dada hapa. Hosteli zimejaa na naogopa kupanga.

Jibu: Pole dada yangu, hofu yako ina msingi. Tafuta nyumba ambayo mama mwenye nyumba anaishi humohumo, upange na binti mnayesoma kozi moja ili mtoke na kurudi pamoja. Ukienda kuona chumba, salimia vizuri, shikamoo, na kama ni asubuhi na ni mama wa Kinyamwezi mwambie "mwangaluka". Kitasa badilisha siku ya kuhamia. Kama cha karibu na chuo kimezidi kidogo bei, chukua hicho. Punguza kwenye nguo.

Swali: Mimi Bodi hawajanipa chochote. Nirudi nyumbani?

Jibu: Usirudi bado. Kuna dirisha la rufaa, lifuatilie kila siku, na uambatanishe kile kilichokosekana mwanzo: cheti cha kifo cha mzazi kama ni yatima, au uthibitisho kama kaya yenu iko TASAF, ule mpango wa kusaidia kaya maskini. Wakati huohuo andika barua kwa mhasibu wa chuo, omba kulipa ada kwa awamu. Peleka mwenyewe, usitume mtu. Niandikie pembeni tuisome pamoja hiyo rufaa.

Swali: Kaka, dagaa wa Kigoma nimebeba ila room mate analalamika harufu, na naona wadudu wameanza.

Jibu: Hukuwaanika wakakauka vizuri kabla ya kufunga. Wamwage wote juani Jumamosi asubuhi wakati unafua, wachambue, wakipoa waweke kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, chini utandike karatasi kavu. Usiwafunge wakiwa na joto, watatoa jasho. Na huyo mwenzako mkaangie leo jioni kwa nyanya na pilipili.