Paipu ya maji si athi: jinsi ya kufunga paipu za nyumba zisipige watu stima

Niliitwa Busia, upande huu wa Uganda, kwenye nyumba za kupanga za mstari mmoja, zile ambazo Kampala huziita mizigo. Mama wa chumba cha kwanza hana hita wala friji. Ana balbu mbili na redio, basi. Lakini kila akifungua bomba la uani asubuhi, mkono unakufa ganzi hadi kwenye kiwiko. Fundi wa maji alikuwa ameshabadilisha bomba mara mbili! Nilipima kati ya bomba na ardhi yenye maji nikapata volti 90.

Mkosaji alikuwa chumba cha nne. Hita yake ya shawa ilikuwa inavuja, na waya wake wa athi ulikuwa umezungushiwa paipu ya maji. Wakati ule ulipofungwa, huenda ilifanya kazi, kwa sababu chuma kilitambaa chini ya udongo mpaka barabarani. Baadaye paipu ya barabarani ikabadilishwa, ikawekwa ya plastiki. Uani kikabaki kipande kifupi cha chuma, na hakuna aliyemkumbuka yule waya. Stima iliyovuja chumba cha nne ikawa inatokea kwenye bomba la mama.

Kwa hiyo tutenganishe mambo mawili ambayo hata mafundi huyachanganya. Athi ni njia ya stima iliyovuja, ili kifaa cha kukata kiikate. Bondingi ni kuvifunga pamoja vyuma vyote ambavyo mtu anaweza kuvishika kwa wakati mmoja, visiwe na tofauti ya volti. Tofauti ndiyo inayopiga. Paipu hufungwa kwenye athi, lakini yenyewe haigeuzwi kuwa athi. Ya gesi ndiyo kabisa usithubutu.

Ikiwa huna kibali cha kufunga nyaya kutoka ERA, mamlaka inayosimamia umeme Uganda, soma ili uweze kumsimamia fundi wako, boksi usilifungue. Mita na sili zake usiziguse hata ukiwa nacho.

Hatua ya 1: Zima, kisha usiamini

Zima swichi kuu, upime kwa testa ya miguu miwili. Ile bisibisi yenye taa ndogo huwaka hata mahali pasipo na hatari, na siku ya hatari inaweza isiwake.

Sasa sikiliza hapa. Kabla ya kufungua waya wowote uliofungwa kwenye paipu, uzungushie klempu mita (mita yenye taya inayoukumbatia waya bila kuukata) uone kama una ampia. Kuzima kwako hakumzimi jirani. Ukiukata waya unaopitisha stima, huku mkono mmoja umeshika paipu na mwingine waya, wewe ndiye unakuwa kiungo. Nikiona stima yoyote, hata kidogo, natafuta kwanza inatoka kwa nani.

Hatua ya 2: Jua paipu yako ni ya nini

Paipu ikiingia ya plastiki na ndani ni plastiki tupu, hakuna cha kufunga. Bomba la chuma lililo mwishoni mwa paipu ya plastiki halihitaji waya. Nimewahi kukuta klempu nzuri kabisa, mpya, imekazwa juu ya PVC. Mwenye nyumba alikuwa amelipia.

Ya chuma, ipime. Stima ikiwa imezimwa na paipu imetenganishwa na athi, tumia mega (mita ya kupima ukinzani) ya volti 500 kati ya paipu na athi. Ikisoma chini ya kilo-omu 22, paipu imegusa ardhi na lazima ifungwe. Hesabu yake ni hii: volti 240 zikipita kwenye kilo-omu 22 pamoja na mwili wa mtu (tuseme kilo-omu 1), zinatoa kama miliampia 10, kiasi ambacho misuli huanza kukataa kuachia.

Pima vilevile paipu ya shaba ya gesi inayopita ukutani kutoka kwenye mtungi wa nje, na stendi ya chuma ya tangi iliyozikwa miguu, kama paipu yake ya chuma inaingia ndani.

Hatua ya 3: Athi ya kweli

Pigilia fimbo ya shaba ya mita 1.5, penye unyevu, kwa mfano karibu na yanapomwagwa maji ya jikoni. Murram iliyokauka ni adui. Chumvi usimwage: mvua huiosha, na kabla haijaoshwa inakula vyuma. Fimbo moja isipotosha, ongeza ya pili, umbali usiopungua urefu wa fimbo yenyewe.

Wengi hupima kwa balbu kati ya laivu na fimbo, ikiwaka wanasema athi nzuri. Balbu ya wati 60 ina omu kama 960 ikiwa imewaka. Fimbo mbovu ya omu 100 haitaififisha vya kuonekana, na ya LED itawaka hata kwenye athi mbovu zaidi. Tena kipimo hicho kinaweka stima kwenye athi ya nyumba nzima. Tumia mita ya athi, upime na wakati wa kiangazi.

Hata omu 100 zenyewe: volti 240 zitapitisha ampia 2.4 tu, na breka ya ampia 32 haitajua kitu. Ndiyo maana penye athi ya fimbo ni lazima RCD (swichi inayokata yenyewe stima ikivuja) ya miliampia 30.

Hatua ya 4: Funga paipu

Chukua waya wa shaba wa 10 (yaani milimita 10 za mraba), wa kijani na manjano, kutoka kwenye ukanda wa athi ndani ya boksi kuu. Ufunge ndani ya sentimita 60 tangu paipu inapoingia ndani ya nyumba, baada ya mita ya maji na valvu, kabla ya tawi la kwanza. Kwaruza rangi na kutu mpaka chuma king'ae. Tumia klempu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo; binding waya ni ya nondo. Ukipitia paipu ya maji kwenda ya gesi, waya usiukate katikati. Kisha tundika kibao: USIONDOE.

Bafu la zamani lenye paipu za chuma naongeza waya wa 4 kati ya paipu na athi ya hita. Wengine wataniambia RCD inatosha. Sawa, lakini RCD nayo hufa.

Hatua ya 5: Pima tena

Kati ya waya na chuma cha paipu, kwenye klempu, isizidi omu 0.05. Bonyeza kitufe cha RCD, ukijua kwamba kitufe kinapima RCD yenyewe tu. Hakijui kama fimbo ipo.

Kule Busia nilitoa waya wa hita kwenye paipu, nikapeleka athi kila chumba, nikafunga kile kipande cha chuma na kuweka RCD. Bomba la mama likasoma sifuri. Jioni chumba cha nne akanipigia: "Fundi, umeniharibia hita, kila nikiwasha inakata." Alitaka niitoe RCD. Nikamwambia anunue elementi.