Kadi ya zamani ya PCI kwenye mazabodi mpya ya PCIe

Watu wa studio hapa Malindi, kadi yako nzuri ya sauti ya PCI (aina ya zamani ya sloti ya kuchomeka kadi ndani ya kompyuta) usiitupe ati kwa sababu mashine mpya ina PCIe tu, yaani sloti ya kisasa. Kuunga waya kwa waya haiwezekani, PCI inapeleka biti 32 kwa pamoja na PCIe inazipeleka moja moja kwa kasi kubwa, kwa hivyo tafuta adapta yenye chipu ya briji, ile inayotafsiri kati ya PCI na PCIe.

Pa kuangalia sana ni umeme. Sloti ya PCIe inatoa volti 3.3 na 12 basi, volti 5 haimo na kadi nyingi za zamani zinaitaka, so chukua adapta yenye soketi ya pawa na uichomeke pawasaplai kabla hujawasha. Mkato kwenye meno ya kadi (upande unaoingia kwenye sloti) ulio karibu na bati la nyuma ni wa volti 3.3, wa mbali ni wa volti 5, ikigoma kuingia usilazimishe kabisa.

Upepo wetu una chumvi, meno yakiota ukijani yasugue na raba polepole halafu pangusa kwa spiriti.

Draiva, yaani programu ya kuendesha kadi, kwa kawaida ni ile ile, kama ni ya Windows XP ya zamani pekee jaribu mfumo wa Linux badala ya Windows.