Kikapu cha kokteli kwa mnada wa hisani

Kwanza chagua mada moja tu na usiichanganye, maana kikapu chenye kila kitu hakimvutii mtu. Tuseme mojito, kinywaji cha kuchanganya cha Kuba chenye ramu, ndimu na minti: weka chupa ya ramu nyeupe ya mililita 750, ambayo kwa kipimo cha mililita 45 kwa glasi inatoa kama glasi 16, alafu ongeza sukari, maji ya soda, glasi mbili ndefu, na kijiti cha kupondea. Minti mbichi inanyauka kabla mnada haujaisha so weka mche kwenye kikopo, unapendeza mezani na mshindi anaondoka nao ukiwa hai. Ndimu nazo nunua siku hiyohiyo.

Kadi ya maelekezo andika kwa mkono bana, inaleta raha: ndimu mililita 20, sukari vijiko viwili vidogo, minti ponda taratibu isije ikawa chungu.

Chupa ziegemeze nyuma, vidogo mbele, funga na nailoni angavu na utepe. Bei ya kuanzia mi naona nusu ya thamani inatosha, watu wakishaanza kushindana inapanda yenyewe. Ila ulizeni mapema kama sheria inaruhusu kunadi pombe, na tengenezeni kikapu kimoja kisicho na kilevi, wasiokunywa nao wana hela.